Okestra bila mwimbaji wake: namna ya kurekodi albamu ya wasindikizaji mjini Lubumbashi

Okestra inayomsindikiza mwimbaji mwenye jina hukaa nyuma yake miaka mingi, inazijua nyimbo zake zote kichwani, na bado haina hata albamu moja iliyo yake. Kwenye muziki wa kantri wa Marekani jambo hilo lilipatiwa dawa mapema. Texas Troubadours, vijana wa Ernest Tubb, walitoa albamu yao mwaka 1964. Buckaroos wa Buck Owens nao wakatoka mbele, na mwaka 1965 wimbo wao usio na maneno, "Buckaroo", ukafika nambari moja kwenye orodha ya kantri. Strangers wa Merle Haggard walianza kutoa albamu zao mwaka 1969, na hadi 1973 walikuwa na albamu tano. Mwongozo huu ni wa okestra ya watu wanne hadi sita hapa Lubumbashi inayotaka kufanya kazi ya namna hiyo, kwa vyombo vinavyopatikana mjini na kwa umeme tunaoujua.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Albamu ya wasindikizaji haipatikani kwa kumtoa mwimbaji na kurekodi yaliyobaki. Yaliyobaki ni shimo. Sauti yake ilikuwa inashika kila kipimo cha wimbo (kundi dogo la mapigo, mara nyingi manne), na akiondoka kila kipimo kinahitaji mwenyeji mpya anayejulikana kwa jina. Kazi yote inayofuata, kuanzia karatasi hadi kuchanganya sauti, ni kumpata mwenyeji huyo na kumwachia nafasi.

Sikilizeni kabla ya kugusa uzi

Tafuteni angalau albamu tatu: Ernest Tubb Presents the Texas Troubadours (1964), America's Most Wanted Band ya Buckaroos (1967), na The Instrumental Sounds of Merle Haggard's Strangers (1969). Kila mmoja asikilize akiwa na karatasi na kalamu. Kila vipimo 8 aandike mambo mawili: nani ana sauti kuu, na nani amenyamaza. Hilo la pili ndilo linalofundisha zaidi. Tom Brumley wa Buckaroos, mpiga stili (gitaa linalolazwa mbele ya mpigaji, la kanyagio), anaweza kukaa kimya vipimo 8 vizima, kisha aingie kwa noti tatu tu, na noti hizo tatu zikabaki masikioni. Don Rich, gitaa la solo la Buckaroos, hupiga sauti kuu karibu kama ilivyoimbwa, bila mapambo mengi, kwa gitaa la Telecaster lenye sauti kali ya juu. Leon Rhodes na Buddy Charleton wa Texas Troubadours ni watu wa mwendo mwingine: gitaa na stili zinakimbia pamoja, noti kwa noti. Roy Nichols wa Strangers hucheza kwa kukata maneno, na Norm Hamlet kwenye stili humjibu.

Kuna sababu albamu hizi zinafaa kujifunzia kuliko albamu za nyota wenyewe. Nashville ya wakati ule, mji wa studio za kantri, mara nyingi mwimbaji aliingia studio na wapigaji wa kukodiwa wa mjini, na okestra aliyosafiri nayo ikabaki nje. Albamu ya okestra ndiyo iliyohifadhi sauti ya barabarani. Buck Owens, mtu wa Bakersfield, California, alikuwa tofauti, kwani alirekodi na watu wake mwenyewe, na unasikia wanavyojuana. Chama cha muziki wa kantri kiliwapa Buckaroos tuzo ya kundi bora la vyombo mwaka 1967 na tena 1968.

Ongeeni na nyota kwanza, na muandike

Hapa ndipo okestra nyingi huvunjikia, tena kabla ya kurekodi noti moja. Mwimbaji akisikia kwa watu kwamba vijana wake wako studio, atafikiri wanamkimbia. Mtumeni mkubwa wa umri katika okestra, aende nyumbani kwake mchana, si baada ya tamasha wakati watu wamechoka na pesa zinagawanywa. Aseme wazi: "Papa, tunataka kutengeneza kazi ya okestra, na jina lako likae juu yake."

Sentensi hiyo si heshima tupu. Tazameni majalada ya zamani: Buck Owens' Buckaroos, Merle Haggard's Strangers, Ernest Tubb Presents. Jina la nyota liliuza sahani, na nyota alipata okestra isiyomtoroka. Wote walikula.

Karatasi iwe fupi, ukurasa mmoja, na ijibu maswali manne. Jina lake litaandikwa vipi na kwa ukubwa gani? Nyimbo zake zipi mnaruhusiwa kupiga? Pesa zitagawanywa vipi kati ya mtunzi na wapigaji? Akiwaita kwenye tamasha siku ya kurekodi, nani anasubiri? Wekeni tarehe, sahihi za wote, na nakala mbili.

Fikirieni pia kuacha mwanya wa kuimba. Albamu za Texas Troubadours hazikuwa za vyombo tu, wapigaji nao waliimba. Jack Greene, mpiga ngoma, aliimba "The Last Letter" kwenye mojawapo, watu wakampenda, na kufikia 1966 alikuwa na "There Goes My Everything" kwa jina lake mwenyewe. Strangers waliita albamu yao ya 1973 Totally Instrumental with One Exception, yaani yote ya vyombo isipokuwa wimbo mmoja. Mkiwa na mpiga besi mwenye koo zuri, mpeni wimbo mmoja au miwili. Isizidi hapo, la sivyo inakuwa albamu ya mwimbaji wa pili.

Kuhusu nyimbo za watu wengine: sheria ya Congo ya haki za mtunzi, nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi hudhani wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huku Katanga akipiga "Masanga", alifariki mwaka 1990. Hesabuni wenyewe: nyimbo zake bado ni mali ya warithi wake. Nyimbo za kantri za miaka ya 1960 ni hivyohivyo. Njia nyepesi ni nyimbo za nyota wenu mwenyewe kwa ruhusa yake ya maandishi, pamoja na tungo zenu mpya tatu au nne. Tungo hizo ziandikisheni SOCODA, shirika la Congo la haki za watunzi, kabla ya kuzitoa.

Nyimbo: ngapi, katika ufunguo gani, na nani anashika nini

Nyimbo 10 hadi 12 zinatosha, kila mmoja kati ya dakika 2 na 3. Sahani za wakati ule hazikuzidi sana nusu saa, na muziki usio na maneno ukivuka dakika 3 bila jambo jipya, msikilizaji anaondoka.

Hesabu ya mfano: wimbo wa vipimo 32, mapigo 4 kwa kipimo, mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Mzunguko mmoja ni sekunde 64. Mizunguko miwili ni dakika 2 na sekunde 8. Ongezeni vipimo 4 vya kuingilia na 4 vya kutokea, mnafika dakika 2 na sekunde 24. Hapo hapo simameni.

Sasa ufunguo. Nyota wenu pengine anaimba kwa mi bemoli kwa sababu koo lake linataka hivyo, na kwa miaka yote mpiga solo amekuwa akiteseka au akifunga kapo (kibano cha shingo ya gitaa). Sauti yake haipo tena. Hamisheni wimbo kwenye sol, re, la au mi, ili nyuzi wazi za gitaa zilie zenyewe. Okestra nyingi husahau uhuru huu na kurekodi katika ufunguo wa mtu ambaye hayuko chumbani.

Ili kuhamisha bila ugomvi, andikeni akodi kwa namba badala ya majina. Njia hii ilianzishwa Nashville mwishoni mwa miaka ya 1950 na Neal Matthews wa kundi la Jordanaires, kisha Charlie McCoy akaieneza miongoni mwa wapigaji wa studio. Noti ya nyumbani ni 1, na nyingine zinahesabiwa kutoka hapo. Mstari wa "1 1 4 1, 5 5 1 1" ukiwa sol unasomeka sol, sol, do, sol, kisha re, re, sol, sol. Mkisogea hadi la, karatasi haibadiliki hata herufi moja.

Juu ya namba hizo chora mgawo. Mfano wa wimbo wenye sehemu nne za vipimo 8: sehemu ya kwanza gitaa la solo peke yake, ya pili solo na mi-solo (gitaa la kati, kati ya solo na la kusindikiza) kwa sauti mbili, ya tatu, pale wimbo unapogeuka, apewe mtu mwingine kabisa, fidla au kinanda au hata besi, ya nne solo anarudi na wengine wanajibu mwishoni mwa kila mstari. Mzunguko wa pili panda toni moja nzima au badilisha mpangilio. Anayepiga sauti kuu aandikwe jina lake. "Solo au kinanda, tutaona" maana yake wote wawili watapiga, au hakuna.

Tatizo moja litajitokeza siku ya kwanza ya mazoezi. Mwimbaji anaweza kutamka silabi sita juu ya noti moja na zikasikika kama hadithi, kwa kuwa kila silabi ina neno lake. Gitaa likipiga noti ileile mara sita, linasikika kama mtu anabisha mlango. Dawa: piga ya kwanza na ya mwisho, na katikati iache ilie au ijazwe kwa noti mbili pamoja. Halafu mpiga solo ajifunze maneno ya wimbo kweli, ayaimbe kimoyomoyo akipiga, na anyanyue mkono pale mwimbaji alipokuwa akivuta pumzi. Solo isiyopumua inachosha ndani ya nusu dakika.

Besi na akompa (gitaa la kusindikiza) wanapaswa kupungua. Mpiga besi wa rumba na sebene amezoea kutembea katikati ya mapigo. Hapa ni pigo la 1 na la 3, noti ya nyumbani na ya tano yake: kwenye akodi ya do ni do kisha sol, na kutembea ni pale tu akodi inapobadilika. Akompa ni kukata kwenye pigo la 2 na la 4, kiganja kikizima nyuzi mara moja. Mara mbili tatu mpiga besi atalalamika kwamba hana kazi. Mrekodini kwa simu kwa namna zote mbili na mumpe asikilize.

Na okestra ya Katanga ina mali ambayo Bakersfield hawakuwa nayo. Gitaa kavu la akina Mwenda Jean-Bosco, Losta Abelo na Edouard Masengo, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikiimba juu, linakaa vizuri kabisa karibu na mwendo huu wa mapigo mawili. Wekeni wimbo mmoja wa gitaa kavu bila ngoma, katikati ya albamu. Sikio linapumzika, na albamu inajulikana imetoka wapi.

Sauti ya stili bila stili

Stili ya kanyagio ni chombo adimu hapa, na wapigaji wake ni adimu zaidi. Kinachoifanya ilie vile ni kwamba kanyagio huvuta uzi mmoja au miwili juu huku nyuzi nyingine zikibaki palepale. Gitaa la kawaida la umeme linaweza kuiga hilo kwa kiasi kikubwa.

Chukua akodi ya re. Uzi wa kwanza kwenye kituo cha 10, yaani nafasi ya 10 kati ya vyuma vya shingo (hiyo ni re), na wa pili kituo cha 10 (la), vyote viwili kwa kidole kidogo kilicholazwa. Uzi wa tatu kituo cha 9 (mi) kwa kidole cha pete, kikisaidiwa na cha kati nyuma yake. Piga nyuzi tatu pamoja, kisha sukuma ule wa tatu tu hadi mi iwe fa diezi, toni nzima, huku viwili vya juu havitikisiki. Akodi inafunguka mbele yako kama mlango. Kujua kama umefika, piga uzi wa tatu kituo cha 11 peke yake: ile ndiyo fa diezi unayoitafuta. Rudia hadi kidole kikumbuke bila sikio.

Yanayoharibika ni haya. Uzi wa tatu ukiwa wa kuzungushiwa waya, kama kwenye seti nyingi za gitaa kavu, hautavutika toni nzima, utaishia katikati na kusikika umetoka nje. Weka seti ya nyuzi za gitaa la umeme ya 009 au 010 (huo ni unene wa uzi wa kwanza), yenye uzi wa tatu mtupu. Pili, uzi ukivutwa na kuachwa haurudi mahali pake kwa sababu unakwama kwenye kijitundu cha mfupa wa juu ya shingo. Ukisikia "tik" unapokaza, ndiyo hiyo. Legeza uzi, sugua ncha ya penseli ndani ya kijitundu, rudisha. Tatu, gitaa lenye mkono wa kutikisa ulioachwa huru: ukivuta uzi mmoja, vingine vyote vinashuka, na akodi yote inaoza. Funga mkono huo kwa kubana kipande cha mti kati ya bonge la chuma linaloshikwa na springi na mwili wa gitaa, upande usio na springi, au tumia gitaa lenye daraja lisilotembea.

Kwa kuingia polepole kama stili, punguza sauti ya gitaa hadi sifuri, piga, kisha zungusha kidude cha sauti kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia. Mwangwi uwe mdogo tu.

Chumba, mvua na umeme

Rekodini kati ya Mei na Septemba. Mvua ya Lubumbashi kwenye mabati inaingia katika kila mikro (maikrofoni), na hakuna programu ya kuiondoa. Kwa upande mwingine, asubuhi za Juni na Julai ni baridi, na chumba kikipata joto la watu na ampli, nyuzi zinalegea na gitaa linashuka. Ingizeni vyombo chumbani saa moja kabla na mkaze nyuzi kabla ya kila jaribio, si kabla ya kila wimbo.

Si lazima studio ya kulipia. Sebule ya mita 4 kwa 5 ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba) tulivu inafaa, mradi si karibu na kinu cha unga wala barabara ya malori. Kupiga makofi katikati ya chumba kutawaambia kila kitu: ukisikia mlio mkali unaorudi haraka, kuta ni tupu mno. Magodoro mawili yaliyosimamishwa kwenye pembe nyuma ya ngoma, blanketi nzito ukutani mkabala na ampli, zulia chini ya ngoma. Vitenge ni vyepesi, havizuii chochote isipokuwa macho. Paa la mabati bila plafo (dari ya ndani) huvuma kwa ngoma ya mguu, kwa hiyo wekeni uzito wa magunia au badilisheni chumba.

Umeme utakatika. Pangeni kazi mkilijua hilo. Kadi ya sauti iwe inayokula umeme wa kompyuta kupitia USB, na kompyuta iwe na betri nzima, ili umeme ukienda, ampli zizime lakini faili isife. Jenereta ya 2 kVA inabeba ampli tatu, kompyuta na taa. Iwekeni mita 25 au zaidi, nyuma ya ukuta, na daima nje: moshi wake ndani ya nyumba unaua. Kwa nyimbo za taratibu subirini umeme wa kawaida, maana mngurumo hupenya kwenye mikro ya juu ya ngoma.

Halafu kuna mvumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mvumo mnene wa chini unatokana nao. Mara nyingi sababu ni vyombo viwili vilivyounganishwa kwa kebo ya sauti lakini vinachota umeme katika soketi mbili zenye waya wa ardhi tofauti. Chomekeni vyote kwenye soketi moja kupitia kebo ndefu yenye matundu mengi. Msikate kamwe waya wa ardhi wa ampli ili kuondoa mvumo, kwa kuwa huo ndio unaomlinda mpigaji anaposhika nyuzi za chuma. Kama mvumo unabadilika gitaa likigeuzwa, basi ni sumaku za koili moja za gitaa lenyewe, kama zile za Telecaster. Mpigaji azunguke polepole kwenye kiti hadi apate upande ambao mvumo unakufa, na sakafuni muweke alama ya chaki.

Mikro nane

Pigeni wote pamoja, kwa wakati mmoja. Kurekodi mmoja mmoja juu ya metronomu kunaua kile mnachotaka kuuza, yaani watu wanaosikilizana. Kadi ya matundu 8 inagawanywa hivi: ngoma 4, besi 1 kwa kebo moja kwa moja bila ampli, solo 1, mi-solo au akompa 1, na moja kwa fidla, kinanda au gitaa kavu.

Kwenye ngoma, mikro moja ndani ya ngoma ya mguu, moja kwenye ngoma ndogo, na mbili za kuchukua zote. Ya tatu isimame mita 1 juu ya ngoma ndogo. Ya nne ikae upande wa ngoma kubwa ya chini, ikitazama matoazi ya mguu. Chukueni kamba, mfunge ncha moja katikati ya ngoma ndogo, na mpime: umbali hadi mikro hizo mbili lazima ulingane kwa sentimita. Zikitofautiana, sauti ya ngoma ndogo inafika kwa nyakati mbili, na mkizichanganya inakuwa nyembamba kama bati, hata kama kila mikro peke yake inasikika vizuri.

Mikro ya ampli ya gitaa ikae sentimita 3 hadi 5 kutoka kitambaa cha mbele, si katikati ya koni bali kati ya katikati na ukingo. Katikati kabisa sauti inachoma, ukingoni inazama. Ampli ziwe ndogo na zisifunguliwe sana, maana zinamwagika kwenye mikro za ngoma. Kanuni ya kushika: kama mikro iko sentimita 30 kutoka chombo chake, mikro ya jirani iwe angalau sentimita 90 mbali.

Wekeni biti 24 na hezi 48,000. Kilele cha sauti kisipite desibeli 6 chini ya sifuri hata mpiga ngoma akichangamka, naye siku zote huchangamka kuliko alivyopimwa. Nafasi ya diski: mikro 8 kwa kipimo hicho zinakula karibu megabaiti 69 kwa dakika. Wimbo wa dakika 3 ukijaribiwa mara 5 ni kama gigabaiti 1. Albamu ya nyimbo 12 inataka gigabaiti 12, na nyingine 12 kwenye diski ya pili inayolala nyumba nyingine.

Siku yenyewe

Kikao cha kawaida Nashville kilikuwa saa 3 kwa nyimbo 3 au 4, na mwendo huo unawezekana kwa okestra iliyofanya mazoezi. Siku tatu zenye vikao viwili kila moja zinatosha kwa nyimbo 12, na muda unabaki. Wimbo wa kwanza wa siku uwe mwepesi ambao wote wanaupenda. Ule mgumu uje wa pili, mikono ikiwa na joto na vichwa havijachoka. Za taratibu ziwekwe mwisho wa kikao cha asubuhi. Baada ya bukari ya mchana msianze na wimbo wa taratibu, utalala.

Majaribio matano kwa wimbo, si zaidi. Jaribio la pili au la tatu ndilo linaloshinda mara nyingi. Kuanzia la sita watu wanapiga kwa kuogopa makosa na mwendo unapungua. Kila jaribio litajwe kwa sauti kabla ya kuhesabu: jina la wimbo, namba, tarehe. Mtu mmoja asiye na chombo aandike daftari: "3, besi imekosea kuingia, mwisho mzuri." Mwisho wa jaribio wote wanyamaze kwa sekunde 5 hadi toazi life. Kicheko kilichoingia sekunde ya 2 kimeharibu mwisho mzuri wa wimbo mzima.

Kuchanganya kwa masikio ya barabarani

Buck Owens alitaka sahani zake zisikike vizuri kwenye redio ya gari, akasikilizia kazi yake kwa spika ndogo za aina hiyo. Ndiyo maana gitaa la Don Rich linakata hadi leo. Watu wa Lubumbashi nao watasikiliza albamu yenu kwenye simu, teksi na spika ndogo ya dukani, kwa hiyo fanyeni vivyo hivyo. Unganisha njia zote ziwe moja, punguza sauti hadi kunong'ona, na usikilize: bado unasikia nani ana sauti kuu? Kama hapana, shusha wengine. Kupandisha solo kunaleta vita ambavyo havina mwisho.

Kata kila kitu kilicho chini ya hezi 80 kwenye magitaa, hakina kazi huko na kinaifunika besi. Sauti kuu iwe katikati, mi-solo kushoto kidogo, akompa kulia. Kuongeza nguvu ya jumla kuishie karibu na LUFS hasi 14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Ukisukuma zaidi, ngoma ndogo inapoteza meno na muziki wote unabaki ukuta.

Jalada litaje kila mtu na chombo chake, wimbo kwa wimbo, na mtunzi wa kila wimbo. Kila wimbo uombewe namba yake ya ISRC, kitambulisho cha kimataifa cha rekodi chenye herufi na tarakimu 12, kupitia msambazaji wenu wa mtandaoni, na namba hizo ziandikwe kwenye daftari lilelile la majaribio. Nakala ya kwanza iliyokamilika apelekewe nyota nyumbani, na yule mkubwa aliyetumwa mwanzo, pamoja na ile karatasi ya ukurasa mmoja. Aisikie kwenye kiti chake kabla hajaisikia ndani ya teksi.